Kabla ya kuchimba msingi, waketisheni fundi, bwana afya na mama mwenye jiko kwenye mkeka mmoja

Baba_Chanika

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, nimeuandika kwa siku tatu, naomba mnivumilie.

Nilihamia kwangu Chanika mwaka 2019. Vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani, bati la rangi, dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu ya kuteleza. Ramani niliinunua mtandaoni kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga kiwanja changu. Mwashi alikuja, akamaliza, akaondoka. Wa kupaua akaja, akaondoka. Wa jipsamu, wa umeme, wa aluminiamu, kila mmoja kwa siku zake. Hakuna siku hata moja wawili kati yao walikutana saiti. Na kila mmoja alifanya kazi safi, sina lawama kwa yeyote.

Februari ya kwanza tukiwa ndani, binti yangu wa miaka minne akaanza kuamka usiku, anaacha kitanda, anakwenda kulala sebuleni juu ya vigae bila hata kanga, shavu limegusa sakafu. Nikamrudisha mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu nikalala naye pale pale chini, ndipo nikamwelewa. Kesho yake nikanunua kipimajoto. Saa nne usiku chumbani kwake nyuzi 33, barazani 28. Nyumba nimeijenga kwa miaka sita, halafu nje kuna nafuu kuliko ndani.

Mtauliza kwa nini hatukufungua madirisha. Mbu. Dirisha la kuteleza linafunguka nusu tu, na hiyo nusu wavu wake ulishaachia pembeni. Tukifungua wanaingia, tukifunga tunaiva. Chandarua tunacho, lakini mtoto mwenye joto anakisukuma kwa miguu akiwa usingizini, na wala hajui. Machi akaugua malaria. Kwenye daftari la zahanati waliandika malaria, lakini mimi najua ugonjwa ule ulianzia kwenye paa.

Nikihangaika kutafuta dawa ya joto ndipo nikakutana na habari za Magoda, wilaya ya Muheza. Nimezaliwa mkoa huo huo wa Tanga na sikuwa nazijua. Wasanifu majengo kutoka Denmark, watafiti wa malaria na mafundi wa hapa nyumbani walijenga kijijini pale nyumba sita za majaribio, nyingine za chini, nyingine za ghorofa. Kuta hawakuweka bloku. Waliweka mbao, mianzi, au wavu wa kivuli, ule tunaofunikia vitalu vya miche. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: ndani palikuwa na joto pungufu kwa nyuzi 2.3 kuliko nyumba za kawaida za kijiji, na mbu walipungua kwa asilimia 96 kwenye nyumba za ghorofa na asilimia 77 kwenye za chini. Bila kiyoyozi.

Kilichonishika si hizo namba peke yake. Mtu wa malaria alikuja na shida yake ya mbu, msanifu akaja na shida yake ya joto, na dawa ikawa moja: hewa ipite, mdudu asipite. Mtu akilala, pumzi na harufu yake ndiyo inayomwita mbu. Chumba chenye upepo hakikusanyi pumzi hiyo, na mtu aliyepoa anabaki ndani ya chandarua hadi asubuhi. Wangefanya kazi kila mmoja kivyake, wa mbu angeziba matundu yote na wa joto angeyatoboa yote.

Baada ya hapo kazi ikahamia Mtwara vijijini, nyumba 110 katika vijiji 60, zinaitwa Star Homes. Familia zilipatikana kwa bahati nasibu, ili afya ya watoto wa humo ilinganishwe kwa haki na ya watoto wa nyumba za kawaida: malaria, kuhara, magonjwa ya njia ya hewa. Vyumba vya kulala viko juu, maji ya mvua yanavunwa kwenye paa, choo kipo, moshi wa jiko una njia yake ya kutokea. Hakuna fani moja inayoweza kuikamilisha orodha hiyo ikiwa peke yake.

Mwaka jana mdogo wangu akapata kiwanja Muheza. Kabla hajanunua hata tripu ya mchanga nikamwambia tuite watu. Akaja mwashi, fundi wa kupaua, kijana wa umeme, bwana afya wa kata, rafiki yangu ambaye ni mkadiriaji wa majengo, na shemeji yangu ambaye ndiye atapika humo. Tukatandika mkeka chini ya mwembe, tukala pilau, tukakaa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane. Kila fundi nililipa posho ya siku.

Mwashi alikuwa ameshachomeka vigingi nyumba itazame barabara. Shemeji akauliza swali moja tu: jua la saa tisa litapiga chumba gani? Wote tukanyamaza tukatazama juu. Ubavu mrefu wa nyumba, wenye vyumba vyote vya kulala, ulikuwa unatazama magharibi. Vigingi vikang'olewa pale pale. Sasa mbavu ndefu zinatazama kaskazini na kusini, jua linakuta kuta fupi tu, na upepo wa kusi na wa kaskazi unaingia upande mmoja ukitokea mwingine. Kazi hiyo ilichukua dakika ishirini na haikugharimu shilingi. Ingengoja hadi lenta ifungwe, isingefanyika tena.

Nitaendelea na habari ya paa, kwa sababu huko ndiko tulikobishana sana.

Mwashi wa Pongwe

Mkuu, nimekusoma hadi mwisho. Miaka 22 niko kwenye mwiko na ninayajua hayo ya jua. Lakini mteja anakuja na picha kwenye simu, anataka paa la kuficha, lile linalozungukwa na ukuta juu, halina upenu hata wa kiganja. Ukimwambia ukuta utapigwa jua na mvua kutwa, anaona unakwepa kazi. Na fundi analipwa kwa tofali alilopanga, hakuna anayemlipa kwa kufikiri. Wewe umelipa posho ya siku ile, umefanya jambo ambalo mimi sijafanyiwa tangu nianze kazi.

Nesi_Korogwe

Asante kwa uzi kaka. Niongeze upande wetu.

Mbu wa malaria wa huku kwetu anauma usiku, na njia yake kubwa ni ule upenyo kati ya kichwa cha ukuta na paa. Akikaribia nyumba anaupanda ukuta hadi juu, akikuta uwazi anazama ndani. Kwa hiyo nyumba yenye wavu mzuri dirishani na uwazi juu ya ukuta bado haijajikinga. Kuhusu kulala juu, kuna jaribio lilifanyika Gambia: walijenga vibanda vinavyoweza kupandishwa na kushushwa, watu wakalala humo, na kibanda kilipokuwa mita 3 kutoka ardhini mbu walioingia walikuwa pungufu kwa asilimia 84 kuliko kilipokuwa chini. Mbu huyu huruka chini chini.

Halafu moshi. Akina mama tunaowapokea na kikohozi kisichoisha wengi wanapikia kuni ndani ya chumba chenye kidirisha cha ukubwa wa daftari. Ramani inasema "jiko", basi. Hakuna aliyeuliza litapikiwa nini. Ukijua ni kuni au mkaa, jiko linahama, linakwenda upande ambao upepo unaelekea, na paa lake linainuliwa. Huo ni uamuzi wa siku ya kuchora. Siku ya kupaka rangi umeshachelewa.

Kibokoni

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nina swali la kupinga kidogo. Nyumba ya nyanya yangu Mji wa Kale ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene karibu dhiraa moja, na mchana ukiingia ndani unahisi umefunguliwa mtungi. Boriti za mikoko ndizo zilizopima upana wa vyumba, ndiyo maana ni vyembamba na virefu. Wazee wetu hawakuweka wavu wala mianzi. Mbona mwasema ukuta mwepesi ndio bora?

Baba_Chanika

Swali zuri sana, na lilinisumbua hata mimi. Ukuta mnene unameza joto mchana kutwa polepole, na usiku unalitema. Mahali ambapo usiku unapoa sana, faida tupu. Pwani usiku haupoi sana na hewa ni nzito, kwa hiyo lile joto linamtokea mtu saa ambazo anataka kulala. Lakini nyumba ya nyanya haikuwa ukuta tu. Dari iko juu mno, katikati kuna kiwanda, yaani ule ua wa ndani, kilicho wazi hadi mbinguni, na kichochoro nje ni chembamba hivyo nyumba zinapeana kivuli. Naomba nikuulize: miezi ya kaskazi nyanya alikuwa analala wapi?

Kibokoni

Ukumbini, mlango wa kiwandani wazi. Chumbani alikuwa aingia kubadilisha nguo tu. Sikuwahi kulifikiria hilo.

Mafinga_Juu

Jamani msisahau na sisi wa milimani. Huku Mafinga ukimjengea mtu ukuta wa wavu, Juni inamuua. Tunataka tofali nene, dirisha kubwa lielekee jua la asubuhi, na dari iliyofungwa vizuri joto lisitoroke.

Baba_Chanika

Kabisa mkuu. Kuichukua nyumba ya Magoda ukaipeleka Mafinga ni kosa lile lile la ramani yangu ya mtandaoni. Kinachohamishika ni kile kikao, nyumba yenyewe haihami.

Sasa paa. Kijana wa kupaua alitaka mteremko mdogo ili kupunguza mbao za kenchi. Mkadiriaji akamuunga mkono, hela inaokolewa. Bwana afya alitaka kila uwazi uzibwe. Mimi nimebeba kipimajoto changu cha Chanika mfukoni, nikawaeleza. Bati linapopigwa jua saa saba mchana huwezi kulishika kwa mkono. Joto lile linashuka kwenye ile nafasi kati ya bati na dari, na kwa kuwa nafasi imezibwa pande zote, inakuwa tanuri iliyolala juu ya vichwa vyenu. Jipsamu inapata moto, na usiku inawarudishieni kidogo kidogo.

Hapo nikawaonyesha picha ya shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, aliyoisanifu Francis Kéré na ikajengwa na wanakijiji wenyewe, ikakamilika mwaka 2001. Kuta ni tofali za udongo, dari ni ya tofali yenye matundu, na bati halikulazwa juu ya dari. Limeinuliwa kwa vyuma, limesimama peke yake kama mwavuli, upepo unapita katikati na kuondoka na joto. Fundi wa kupaua aliishika simu yangu muda mrefu bila kusema neno. Kisha akachukua kijiti akachora chini kenchi yake mwenyewe. Mteremko mkali zaidi, matundu makubwa kwenye ukuta wa pembetatu pande zote mbili za paa, na uwazi chini ya upenu, hewa baridi iingie chini, ya moto itokee juu. Bwana afya akasema sawa, lakini kila tundu livishwe wavu, na kichwa cha ukuta kifungwe kwa saruji kabisa chumba kisiwe na mawasiliano na paa. Mwashi akasema kazi hiyo ataimaliza kwa kozi moja ya tofali, asubuhi moja.

Mbao ziliongezeka. Mkadiriaji akafuta jipsamu akaweka dari ya mbao nyembamba sebuleni na vyumbani, akafuta madirisha ya kuteleza akaweka ya mbao yanayofunguka yote, yenye wavu kwa ndani na grili. Upenu ukatoka nje mita moja pande zote. Hesabu ya mwisho ikakaa pale pale ilipokuwa.

Mkazi wa Tegeta

Mimi nitasema ambalo watu wanaogopa kusema. Mianzi na wavu ni vizuri kwenye utafiti, ila mwizi ana kisu cha mia tano. Na majirani watasema huyu ameshindwa kujenga. Mtu amejinyima miaka kumi, anataka nyumba inayoonekana nyumba.

Baba_Chanika

Mkuu, hilo ni la kweli na linastahili kuheshimiwa. Nyumba ni heshima ya mtu. Ndiyo maana Muheza hatukujenga ukuta wa wavu. Chini ni tofali za kufungamana, zile za udongo na saruji kidogo zinazoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, ambazo NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, pale Mwenge wamezitangaza kwa miaka mingi. Zinapangwa bila kuunganishwa kwa saruji nyingi, na kwa ndani tumeziacha bila plasta. Wavu uko juu ya usawa wa kichwa na nyuma ya grili. Watu wanapita wanauliza tofali zile zimetoka wapi.

Mwashi wa Pongwe

Hapo kwenye tofali niwatahadharishe ndugu zangu. Si kila udongo unafaa. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, weka udongo nusu, jaza maji, tikisa kwa nguvu, iache itulie hadi kesho. Mchanga utakaa chini, juu yake vumbi laini, na mfinyanzi juu kabisa. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka. Mchanga ukizidi, halishikani. Na likitoka kwenye mashine likae kivulini, lifunikwe, limwagiwe maji wiki nzima. Wengi wanaanika juani, halafu wanasema teknolojia mbaya.

Waya_Mwekundu

Naweka hesabu ya umeme kidogo. Feni ya dari ya wati 70 ikizunguka saa kumi ni uniti 0.7. Kwa mwezi uniti 21. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja, hata ukikadiria uniti 5 kwa usiku, mwezi ni 150. Sasa kumbukeni wale wa daraja la matumizi madogo: ukivuka uniti 75 kwa mwezi bei ya kila uniti inayozidi inapanda zaidi ya mara tatu. Kiyoyozi kimoja kinakutoa kwenye daraja peke yake. Nyumba iliyopoa inabaki na feni, taa na friji ndogo, na mtu wa namna hiyo hata akitaka sola anahitaji paneli chache na betri ndogo.

Ombi langu moja. Niiteni kabla ya dari. Ndoano ya feni inatakiwa ishikwe na boriti, na mara nyingi naitwa dari imeshafungwa, boriti iko pembeni, feni inakaa kona ambayo haimpepei mtu kitandani.

Mama Wawili

Habari zenu. Mimi niko Mbagala, nimepanga, nina kiwanja Vikindu cha mita 15 kwa 20 na milioni tisa. Nasoma haya naona ni ya watu wenye hela. Naomba ushauri wa kweli. Nianze na nini?

Baba_Chanika

Dada, wewe ndiye niliyekuwa nakuandikia.

Mwaka 2003 huko Iquique, Chile, familia zipatazo 93 zilikuwa zinaishi kwenye vibanda katikati ya mji, na ruzuku ya serikali ilikuwa dola 7,500 kwa kila familia, ardhi ikiwa humo humo. Nyumba kamili haikuwezekana. Msanifu Alejandro Aravena na wenzake, wakiwemo wahandisi, walikaa na familia zenyewe wakaamua kujenga nusu ya nyumba nzuri badala ya nyumba nzima mbovu. Na ile nusu waliyoijenga ni ile ambayo familia isingeweza kuijenga vizuri peke yake: mhimili, ukuta mkuu, ngazi, bafu, jiko. Nusu nyingine waliacha nafasi yake, watu wakaijaza kwa kasi yao.

Sisi wote tunajenga hatua kwa hatua. Tofauti ni kwamba tunaanza na msingi wa vyumba vinne, hela inaishia kwenye lenta, mvua inanyesha kwenye kuta miaka mitano. Milioni tisa zako ziombee hesabu ya mkadiriaji: chumba kimoja na nusu, paa refu lenye upenu, choo, jiko la pembeni, tangi la maji ya mvua. Lakini mchoro uwe wa nyumba nzima, na paa la leo lijue paa la kesho litashikia wapi.

Nesi_Korogwe

Na choo usikiache mwisho dada yangu. Nimeona watu wana vigae sebuleni na choo cha gunia.

Mama Wawili

Nimewaelewa na nimefarijika sana. Nina mjomba ambaye ni mwashi, na kwenye kikundi chetu cha kuweka akiba kuna kijana anafanya umeme. Zahanati yetu ina bwana afya mkarimu, nitamwomba. Jumamosi ijayo nawapeleka wote Vikindu, nitapika ubwabwa na maharage. Nimsahau nani?

Mwashi wa Pongwe

Fundi wa kupaua. Usimwache aje baadaye. Kama huna, niandikie faragha nikupe kijana mzuri wa upande huo.

Baba_Chanika

Mwite na mwenye kiwanja cha upande wa kusini, hata kama bado hajajenga. Mwonyeshe madirisha yako yatakaa wapi na umuulize ukuta wake atauinua kiasi gani na atauweka wapi. Akijenga uzio wa bloku mita mbili na nusu kutoka dirishani kwako, kusi yote imekwisha. Mimi Chanika sikumuuliza.